Sh 42,000 za mama: tathmini yangu ya ruzuku ya TASAF, Ujiji

Mama yangu hupokea Sh 42,000 kila baada ya miezi miwili kutoka TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kupitia Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya yake ina watu watatu: yeye mwenyewe na watoto wawili wa marehemu mdogo wangu, mmoja yuko darasa la sita na mwingine la pili. Ukizigawa kwa siku sitini unapata Sh 700 kwa siku, kwa matumbo matatu. Naitanguliza hesabu hii ili anayesoma ajue tunaongelea kiasi gani, kwa sababu nimewasikia wengi wakiusifu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini bila kutaja namba, na wengine wakiubeza bila kuwahi kuingia kwenye nyumba inayoula. Mimi ndiye ninayemsindikiza mama siku ya malipo. Ndiye ninayemsomea meseji, na kikapu tukitoka sokoni nabeba mimi.

Mama anakaa Ujiji, mjini Kigoma, kwenye nyumba ya tofali mbichi aliyoachiwa na baba. Mimi nakaa Gungu, mji huohuo, na nauza dagaa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

TASAF yenyewe ipo tangu mwaka 2000. Watu wa rika langu tuliijua zaidi kwa vibao vilivyopakwa rangi ukutani, kwamba darasa hili au zahanati hii imejengwa kwa fedha za mfuko huo. Habari ya kumpa mlengwa ruzuku mkononi ilikuja na awamu ya tatu, na kipindi chake cha kwanza hakikufika kila mtaa wala kila kijiji. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020 kwa lengo la kuyafikia maeneo yaliyoachwa. Sisi ni wa kipindi hicho cha pili.

Tulianza na mkutano wa hadhara. Utaratibu ni kwamba wananchi wenyewe ndio wanaotaja kaya wanazoona zimezidiwa kuliko nyingine, halafu majina yanachunguzwa. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na shina la mwembe. Jirani yetu alipolitaja jina lake, alisimama na kanga yake ameishika mkononi, akasema, "Mimi si maskini. Mimi ni mjane."

Watu walinyamaza. Mzee mmoja anayeheshimika mtaani akamjibu taratibu, "Dada yangu, hapa hatumtukani mtu. Tunaandika tu. Kaa chini."

Alikaa. Nyumbani hakusema neno mpaka jioni. Nayaeleza haya kwa sababu mtu anayepanga mambo haya akiwa mbali anaweza kudhani kila mwenye shida anakimbilia kuandikwa. Kwa mwanamke wa Ujiji aliyelea watoto watano kwa kukamua mawese na kulima, kutajwa jina mbele ya mtaa mzima kwamba nyumba yako ni miongoni mwa zilizoshindwa si jambo dogo. Hata hivyo, utaratibu huu wa majirani kutajana nauunga mkono. Majirani wanajua ni nani jiko lake linawaka saa nne usiku kwa sababu ndipo unga ulipopatikana. Karatasi haijui.

Baadaye wakaja vijana na vishikwambi kujaza dodoso. Paa la nini, sakafu ya nini, mnapikia nini, kuna redio, kuna baiskeli. Wakafika kwenye swali la milo: jana mmekula mara ngapi? Mama akajibu mara mbili. Mjukuu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa mdogo bado na hajui kuficha, akadakia, "Mara moja, bibi. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi tu." Kijana aliyekuwa anaandika aliinamisha kichwa, akaandika. Namshukuru mpaka leo kwa kutorudia swali lile. Kama ningeulizwa, ningeshauri maswali ya namna hiyo yaulizwe na mtu mzima wa makamo, mama kwa mama, watoto wakiwa nje.

Malipo ya mwanzo tuliyapokea taslimu, kwenye foleni, na waliojaa pale walikuwa kinamama. Baadaye tukahamia kwenye simu, na hapo ndipo tulipopata tabu yetu kubwa. Laini lazima isajiliwe kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, na vidole vya mama vimelika. Miaka ya jembe na mashudu ya chikichi imevifanya laini kama kokoto za ufukweni. Tulikwenda kwenye kibanda cha kusajili laini mara tatu. Mara mbili mashine ilikataa, na mhudumu akasema hana la kufanya. Mara ya tatu tulimkuta binti mwingine, akamnawisha mama kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta kidogo ya mgando, akamwambia abonyeze kwa dole gumba la kushoto badala ya la kulia. Ikasoma. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote: anza na dole la kushoto.

Tabu ya pili ilikuwa kwa wakala. Meseji ilisema Sh 42,000, mama akaja nyumbani na Sh 40,000. Nilipomuuliza akasema kijana ameiita elfu mbili ile "ya usumbufu". Elfu mbili kwa mama ni karibu siku tatu za kula. Kesho yake nilirudi na simu mkononi, nikamwonyesha meseji mbele ya wateja wengine, akanirudishia elfu moja na kusema nyingine ameshaitumia. Sikubishana naye zaidi, ila tulihama. Sasa tuna utaratibu wetu: meseji inasomwa kwa sauti kabla ya kuondoka nyumbani, pesa inahesabiwa palepale kaunta, na namba ya siri anaijua mama peke yake. Hata mimi siijui. Wazee wengi huwaambia mawakala namba zao za siri kwa kuona aibu kubonyeza polepole mbele ya watu. Mwacheni mzee abonyeze polepole, foleni itasubiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulitegemea.

Kabla ya mpango, mama alikuwa hakopesheki. Si kwamba muuza duka wa jirani ni mtu mbaya. Ana watoto wake, na anajua mjane asiye na siku ya kupata hela hana siku ya kulipa. Mama alinunua kila kitu kwa kipimo cha mtu asiye na kesho: sukari ya mia tano, mafuta ya kupimiwa kwenye kifuniko, unga nusu kilo. Kila anayejua maisha ya kupimiwa anajua kwamba ndivyo unavyonunua kwa bei kubwa kuliko wote. Mwenye hela ananunua gunia na kupunguziwa. Asiye nayo ananunua kidogo kidogo, na mpaka mwezi uishe amelipa zaidi.

Mama alipopokea mara mbili tatu, muuza duka akamfungulia ukurasa kwenye daftari lake. Hakuombwa. Alisema tu, "Mama, chukua unga kilo tano, utanipa dirisha likifunguka." Sijui kama wanaopanga mpango huu wanalijua neno hilo linavyotumika mitaani kwetu. Dirisha ni siku za malipo, na sasa ni kalenda ya watu. Mama ananunua unga wa muhogo kilo tano tano, maharage ya Kasulu kwa sado, mawese kwa lita. Bei ya jumla inamfikia na yeye. Nilikaa siku moja nikapiga hesabu ya alichokuwa anatumia kwa kupimiwa na anachotumia sasa kwa vitu vilevile, nikaona anaokoa kama Sh 6,000 kwa mwezi. Kwa macho yangu hiyo ni ruzuku juu ya ruzuku, na inatokana na uhakika. Wingi wa hela hauna sehemu hapo. Sh 42,000 zinazokuja kwa siku inayojulikana zinamfaa mama kuliko Sh 60,000 za kubahatisha.

Kwa hiyo nikiulizwa ni kipi cha kulinda katika huduma hii kabla ya kingine chochote, nitasema tarehe. Mlengwa akijua tarehe, muuza duka anaijua, na duka zima linafanya kazi yake.

Masharti nayo niyaseme. Mtoto wa shule ya msingi anatakiwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wa chini ya miaka mitano wapelekwe kliniki. Kaya isipotimiza inakatwa ruzuku. Mjukuu mkubwa wa mama alikuwa na tabia ya kutoroka kuja Kibirizi kuanika na kuanua dagaa, anapewa elfu moja, anampelekea bibi yake. Nilikuwa nikimwona pale na nilinyamaza, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua elfu moja ile inakwenda wapi. Mpango ulipoanza, mama mwenyewe alimkataza. Alimwambia, "Ukikosa shule unakula hela ya mdogo wako." Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini mwenye mtoto anajua kwamba daftari, sare na viatu havikuondoka na ada. Vitu hivyo ndivyo ruzuku inavyonunua, na hivyo ndivyo inavyomrudisha mtoto darasani.

Mwaka 2024 ndio ulionifundisha mengi. Februari sukari dukani kwetu ilifika Sh 5,000 kwa kilo. Mama aliiacha kabisa. Watoto walikunywa uji wa chumvi na ndimu. Halafu katikati ya Mei Ziwa Tanganyika likafungwa, hakuna kuvua mpaka katikati ya Agosti. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane. Sababu yake siibishi. Sisi tulioko mwaloni tuliona wenyewe jinsi dagaa walivyokuwa wakipungua mwaka hadi mwaka. Lakini muuza dagaa ziwa likifungwa anauza nini? Tulizoea kukosa siku za mwezi mpevu, wakati taa za wavuvi hazivuti samaki na mitumbwi inalala ufukweni. Siku hizo unazihesabu na unazivuka. Miezi mitatu huihesabu hivyo. Vichanja vilibaki vitupu. Nilihamia Mwanga, mjini hapahapa, kuuza mihogo ya kuchoma, na mkaa ukala faida yote.

Siku moja ya Julai, jioni, simu yangu ikalia meseji. Umepokea Sh 10,000, na jina la mtumaji ni la mama yangu. Nilidhani amekosea kubonyeza. Nikampigia.

"Hujakosea, mama?"

"Sijakosea. Dirisha limefunguka leo. Hiyo ya unga wa wanao. Usinirudishie."

Miaka yote tangu nianze kujitegemea, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mama. Siku ile yule aliyesimama chini ya mwembe akakataa kuitwa maskini ndiye aliyewalisha wanangu. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na mihogo ikaungua. Wanaosema ruzuku hii inafuga uvivu ningependa waniambie ni wapi hapo uvivu ulipo. Mama bado anakwenda shambani kwa miguu. Alichopata ni nafasi ya kuwa mzazi tena, mwenye cha kutoa.

Nimejaribu kulinganisha na misaada mingine ya serikali niliyoiona miaka hii bei zilipopanda. Juni 2022 iliwekwa ruzuku ya mafuta, Sh bilioni 100 kwa mwezi, baada ya bei ya petroli na dizeli kuruka duniani. Huku mwisho wa reli, ambako karibu kila kiberiti na kila mfuko wa saruji umesafiri zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam, nafuu ya dizeli ni nafuu ya kila kitu, na sitaisema vibaya. Ila ni msaada unaomfikia mwenye magari matatu kwanza, na kwa mama unafika umeshagawanywa na kila mtu njiani, nauli ya bodaboda ikipungua mia mbili au isipungue kabisa. Mwaka huohuo ikaja ruzuku ya mbolea, mfuko wa kilo 50 ukauzwa Sh 70,000 wakati sokoni ulikuwa umevuka laki moja. Ndugu zetu wa Kasulu na Buhigwe wanaolima mahindi na maharage waliishangilia, na nasi mjini tukala maharage yao. Lakini mama ana kishamba cha muhogo na michikichi minne. Mfuko wa 70,000 ni mzigo asioubeba. Misaada ile miwili inapita kwenye bidhaa. Huu wa TASAF unapita kwa mtu, na ndiyo maana kwa kaya kama ya mama nauweka mbele.

Kuna na vikundi vya kuweka akiba. Cha mama kina wanawake kumi na wawili, wanakutana Jumamosi, kila mmoja anaweka alichonacho, wengine mia tano. Amekopa humo mara mbili, mara moja kwa sare za watoto na mara moja kwa CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mjukuu mdogo ana kifua, na kabla ya kadi ile kila baridi ya Juni ilikuwa deni.

Magazetini utasoma habari za mlengwa aliyejenga nyumba ya bati, akanunua ng'ombe, akahitimu kutoka kwenye mpango. Nawapongeza wote. Mama yangu hajajenga. Anakula mara mbili kwa siku, na wajukuu wake wanakula mara tatu. Naomba hilo nalo lihesabiwe kuwa mafanikio, maana mwanamke wa umri wake, asiye na nguvu ya kubeba mzigo, hatahitimu kwenda popote. Kwa wenye nguvu kuna kazi za muda, za kuchimba mitaro na kutunza miche, na jirani yetu mmoja amezifanya na amenyanyuka. Mzee ahesabiwe kama mzee.

Nikiambiwa nitoe nyota, natoa nne kati ya tano. Moja naizuia kwa ajili ya kiasi. Elfu arobaini na mbili iliyonunua unga, maharage, mafuta, sukari na sabuni tulipoanza, leo ikinunua unga, maharage na mafuta imekwisha. Namba ni ileile, kikapu kimepungua, na mimi ninayekibeba nauhisi wepesi wake. Ningependa wanaokaa kupanga viwango wachukue kila mwaka bei ya vitu vitano vya sokoni, pale Mwanga au Ujiji au popote walengwa walipo, wapandishe ruzuku kadiri vitu hivyo vilivyopanda. Muuza dagaa anabadilisha bei kila asubuhi kwa kuangalia mitumbwi imeleta nini. Kwa ruzuku mara moja kwa mwaka ingetosha.

Kwa mwenye mzazi anayesubiri kuandikwa: mwambie ahudhurie mkutano hata kama anaona haya, na wewe uende naye, ukae karibu. Hakikisha namba ya NIDA ipo na laini ni ya jina lake, si ya mjomba wala ya marehemu. Kikitokea kitu usichokielewa, mtaani kuna kamati ya jamii inayosimamia mpango, na kazi yake ni pamoja na kusikiliza. Mama wa kamati ya kwetu alikuja nyumbani mwenyewe tulipomweleza habari ya elfu mbili, na tangu hapo huwakumbusha walengwa wote wahesabu hela kaunta.

Dirisha lijalo limeshapangiwa kazi. Unga kilo kumi, maharage sado moja, mawese lita mbili, deni la duka, akiba ya Jumamosi, na viatu vya mkubwa, ambaye amekua na vidole vinachungulia mbele. Viatu hivyo vimeonekana tayari, mitumba ya pale sokoni, Sh 8,000. Mama amemwomba muuzaji amwekee kando. Muuzaji alimuuliza atamlipa lini, mama akamtajia siku, na mwenye viatu akaviweka kando.